Nyasi Ndizo Zinazotawala Serengeti

Vitabu vya shule, waongoza watalii na watengenezaji wa filamu za wanyamapori hurudia kauli moja, kwamba simba na wala nyama wenzake ndio wanaoshikilia uwiano wa mbuga, na kwamba wakiondoka, wala majani watazaliana bila kikomo hadi nyasi ziishe. Kwa nyumbu wa Serengeti, ambao ndio mfano unaotolewa mara nyingi zaidi, kauli hiyo si ya kweli, na madhara yake ni makubwa.

Mwishoni mwa karne ya 19 ugonjwa wa sotoka, unaosababishwa na virusi na ulioingia barani pamoja na ng'ombe, uliangamiza mifugo, nyati na nyumbu wa Afrika Mashariki, kisha kwa miongo mingi ukaendelea kuua ndama wa nyumbu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nyumbu wa Serengeti walikadiriwa kuwa kiasi cha 250,000. Kilichogeuza hali ni chanjo ya ng'ombe wa wafugaji waliozunguka hifadhi, kwa kuwa virusi vilipokosa makazi katika mifugo vilitoweka pia kwa wanyamapori, na kufikia mwaka 1977 nyumbu walikuwa wamezidi milioni 1.2. Simba na fisi walikuwapo muda wote huo, wakiwinda usiku na mchana, wala hawakulizuia ongezeko hilo. Wao wenyewe ndio walioongezeka kwa kulifuata.

Ongezeko hilo lilipokoma, halikukomeshwa na meno. Mtafiti Mtanzania Simon Mduma, pamoja na Anthony Sinclair na Ray Hilborn, walichapisha mwaka 1999 uchambuzi wa kumbukumbu za miaka 40, wakaonyesha kwamba kiasi cha asilimia 75 ya vifo vya nyumbu vilitokana na utapiamlo, yaani upungufu wa chakula bora, ambao hukithiri wakati wa kiangazi. Sababu iko katika mwenendo wa wanyama wenyewe: simba hulinda himaya yake na kulea watoto wasioweza safari ndefu, ilhali nyumbu hufuata mvua na kumwacha nyuma kwa miezi mingi, na majike yao huzaa karibu wote katika majuma machache, hivyo ndama wanakuwa wengi kupita uwezo wa wawindaji kuwala. Mnyororo wa chakula, yaani mfuatano wa viumbe ambamo nishati hupita kutoka kwa anayeliwa kwenda kwa anayekula, huanzia kwenye mmea, na kwa makadirio ya jumla ni sehemu ya kumi tu ya nishati inayofika ngazi inayofuata. Simba aliye kileleni anaishi kwa masalio.

Ni haki kukiri kwamba wapo wanyama ambao simba na fisi huwadhibiti kweli. Katika miaka ya 1980, ujangili na sumu vilipowapunguza wala nyama wa kaskazini mwa Serengeti, swala pala, taya na nyamera waliongezeka, na wawindaji waliporejea wakapungua tena. Twiga hakuonyesha badiliko hilo. Wanyama wadogo huwindwa na wengi, kuanzia mbweha hadi simba, ilhali wakubwa wana maadui wachache. Kanuni ya swala haiwezi kubandikwa kwa nyumbu na nyati, ambao ni miongoni mwa wanaokula sehemu kubwa ya nyasi za mbuga, wala kwa tembo.

Kosa hili lingekuwa dogo kama lingebaki darasani, lakini linaelekeza macho ya umma na fedha za uhifadhi kwa mnyama wa kileleni, huku ardhi inayombeba ikimegwa bila kelele. Nyumbu wasiohamia Serengeti, wanaotumia Maasai Mara na nyanda za Loita nchini Kenya, walikuwa takribani 119,000 mwaka 1977, na kufikia 1997 walibaki kama 22,000. Hakuna kundi la simba lililofanya hivyo. Malisho yao ya msimu wa mvua, ambako majike walikuwa wakizalia, yaligeuzwa kuwa mashamba makubwa ya ngano yanayolimwa kwa matrekta, na wakati hayo yakitendeka simba wa Mara waliendelea kupigwa picha kama ushahidi kwamba mbuga ni salama.