Umri Si Kipimo Pekee cha Turathi

Miji inapopanuka, viwanja vya shule humezewa mate. Ni rahisi kuitetea Shule ya Upili ya Allidina Visram, Mombasa, iliyofunguliwa mwaka wa 1923, kwani ukongwe wake ni dhahiri. Je, madarasa ya saruji yaliyojengwa kwa harambee baada ya uhuru wa 1963 yatatetewa na nani? Hayo nayo ni turathi; yamebeba jasho la wazazi waliochanga ili wana wao wasome.

Sheria ya Makavazi na Turathi ya mwaka 2006 haidai umri: jengo lolote lenye thamani ya kihistoria au ya usanifu laweza kutangazwa na Waziri na kulindwa. Yafaa basi shule na kaunti ziyapendekeze majengo hayo kabla ya matingatinga kufika. Ufa huzibwa, haufanywi kisingizio cha kuubomoa ukuta.