Kabla Uulize Ina Gia Ngapi, Zungusha Gurudumu

Wasee, kuna kitu wauza baiskeli za mtumba hawatawaambia. Mtu akienda kununua, swali la kwanza ni "ina gia ngapi?" La pili ni rangi. Magurudumu hakuna anayeangalia, na hapo ndipo tunapigwa.

Maoni yangu: kwa baiskeli ya bei ya chini, magurudumu ndiyo baiskeli. Mengine ni mapambo. Gia ikikataa, utasukuma mdogo mdogo ufike. Gurudumu likikunjika ukiwa katikati ya matatu mbili, hiyo si hasara ya pesa tena.

Kwa hivyo kabla utoe doo, inua baiskeli, uzungushe gurudumu na uangalie rimu ikipita kwa breki. Ikiyumba kidogo kushoto na kulia, fundi ataikaza spoki inyooke. Ikiwa imebonyea kwa sababu ya shimo, achana nayo. Shika gurudumu kwa juu ulisukume kando: likicheza, beringi zimelegea au zimeisha. Finya spoki mbili mbili, gurudumu lote. Moja ikilegea, jirani zake zinabeba mzigo wake, na za nyuma ndizo hukatika kwanza kwa sababu uzito wako mwingi uko huko. Beba sumaku pia. Ikinasa kwa rimu, hiyo ni chuma, na chuma ikilowa mvua breki za mpira huteleza. Aluminiamu ni afadhali.

Halafu msidanganywe na "inchi 26". Kuna rimu ya 26 yenye kipenyo cha milimita 559 na nyingine ya 590. Tairi ya moja haikai kwa nyingine. Soma namba zilizo kando ya tairi.

Najua mtasema, "si fundi yuko?" Yuko, na anajua kazi. Lakini yeye hukutana na gurudumu likishaharibika. Upepo ni kazi yako. Kiasi chake kimeandikwa kwa tairi, kwa PSI. Pima kila wiki. Ukiwa chini, shimo moja tu linafinya tyubu kwa rimu na unapata matundu mawili, kama umeumwa na nyoka. Spoki ikikatika, badilisha kabla ya safari inayofuata, usingoje ya pili.

Kuendesha baiskeli ya bei rahisi si aibu hata kidogo. Lakini ukibaki na pesa kidogo, wacha stika na taa za rangi. Peleka gurudumu la nyuma likanyooshwe.

Yako ulizungusha lini mara ya mwisho?