Makofi pekee si kipimo cha sanaa za jamii

WAHENGA walinena kuwa chema chajiuza. Hata hivyo, usemi huo hauvisaidii vikundi vinavyotumia ngoma na maigizo kuelimisha wananchi kuhusu Ukimwi au mimba za wanafunzi. Wafadhili hudai ushahidi, na mara nyingi kinachowafikia ni idadi ya maonyesho na makadirio ya watazamaji.

Takwimu hizo huonyesha kazi iliyofanyika, si mabadiliko yaliyopatikana. Umati uliojaa uwanjani waweza kuwa umefuata ngoma tu.

Tanzania ina mfano wa kipimo makini zaidi. Mwaka 1993, Radio Tanzania ilianza kurusha mchezo wa Twende na Wakati, uliohusu uzazi wa mpango na kinga dhidi ya Ukimwi. Hadi mwaka 1995 haukurushwa katika eneo la Dodoma, ili wakazi wake walinganishwe na wasikilizaji wa kwingineko.

Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1999 yalionyesha kuwa matumizi ya uzazi wa mpango yaliongezeka zaidi uliposikika mchezo huo. Dodoma nayo ilipofikiwa, ongezeko likajitokeza huko pia.

Ushahidi huo ulikuwa na gharama yake. Wakazi wa Dodoma walisubiri miaka miwili kupata ujumbe uliohusu uhai wao, na kikundi cha kijijini hakina fedha za utafiti wa namna hiyo.

Aidha, si kila tunda la sanaa huhesabika. Katika mradi wa Malya, mkoani Mwanza, mwanzoni mwa miaka ya 1980, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliwashirikisha wanakijiji kuchambua matatizo yao na kuyaigiza wenyewe. Ujasiri wa mnyonge kusema hadharani hauna safu katika jedwali la mfadhili.

Njia ya kati ipo. Kikundi chaweza kuuliza maswali machache kabla ya onyesho la kwanza, kisha kuyarudia miezi sita baadaye, na kulinganisha majibu na kumbukumbu za shule, zahanati na mikutano ya kijiji. Mfadhili anayedai tathmini hana budi kuigharamia.

Vinginevyo, fedha zitawaendea mabingwa wa kuandika ripoti, huku wanaobadili jamii wakibaki na makofi.