Mjumbe wa Ufaransa kutoka Lushoto

Ukitaka kumwona kijana wa Kitanzania akiongea kwa kujiamini, mpeleke kwenye baraza la kuigiza la Umoja wa Mataifa. Mpe suti ya kuazima, kibao kilichoandikwa Ufaransa na dakika mbili za kusema. Atamsalimu mwenyekiti kwa Kiingereza kilichonyooka, atapinga azimio, ataomba kura. Akibahatika atafika Nairobi, ambako wanafunzi hukutana katika ofisi zenyewe za Umoja wa Mataifa pale Gigiri. Atarudi na cheti na picha nyingi.

Sina ugomvi na suti wala na Kiingereza chake. Ninachogombea ni kwamba tunamfundisha mwanafunzi wa Lushoto kuwa mjumbe wa nchi ya watu kabla hajaambiwa kuwa ni mjumbe wa kijiji chake. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya 1982 inamweka kila mkazi aliyefikisha miaka 18 ndani ya Mkutano Mkuu wa Kijiji, chombo chenye kauli ya juu kijijini. Hachaguliwi, halipi ada, haazimi suti. Mkutano huo unapaswa kuitwa walau kila miezi mitatu. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, halmashauri ya kijiji haiwezi kumgawia mtu ardhi kabla mkutano huo haujaridhia.

Waulize wanafunzi wa kidato cha sita ni wangapi wanaolijua hilo. Kisha waulize wanachama wa kudumu wa Baraza la Usalama. Watano hao watakutajia bila kupumua.

Mtu ataniambia kwamba kijana anajifunza ujasiri na namna ya kujadiliana. Sawa, lakini ujasiri wa kuitetea Ufaransa hauna gharama: ukishindwa, unakunywa soda na kupanda basi. Mjaribu kijana huyo mbele ya mwenyekiti wa kijiji ambaye ni rafiki wa baba yake, aulize fedha za zahanati zimekwenda wapi. Mpeleke kwa dalali anayedai lumbesa ya viazi, na lori linaunguruma, na mkulima ana ada ya mtoto ya kulipa. Hapo ndipo diplomasia inapouma, na hakuna programu inayompeleka huko.

Na Usambara si mahali pa kuletewa siasa kwenye begi. Washambaa walikuwa na lugha yao ya kuupima utawala kabla ya Wajerumani kuuita mji huu Wilhelmstal: kuna kuzifya shi, kuiponya nchi, na kubana shi, kuiharibu. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Waingereza walipowalazimisha wakulima kulima matuta kwenye miteremko na kuwatoza faini waliokaidi, watu walibishana na machifu wao, wakagoma, na mpango ukaachwa kabla ya uhuru. Mwanahistoria Steven Feierman aliwaandikia kitabu mwaka 1990 akiwaita wakulima hao wasomi. Ni programu ngapi za uongozi zimewahi kuwataja?

Hata Umoja wa Mataifa wa kweli ulifikiwa kwa njia hiyo. Mwaka 1951 Wameru walifukuzwa Engare Nanyuki ili ardhi yao wapewe walowezi. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet alisimama mbele ya Baraza la Udhamini, New York, kuitetea ardhi hiyo. Alikuwa na kibao cha kwao, na kesi aliyotumwa na majirani zake.

Basi wanaoendesha programu hizi wafanye jambo moja. Kabla ya kumkabidhi mwanafunzi kibao cha nchi yoyote, wamtake alete kumbukumbu za mkutano mkuu mmoja aliohudhuria kijijini kwake, Mlalo, Soni, Bumbuli au Mtae, pamoja na swali alilouliza na jibu alilopewa. Asiyetimiza miaka 18 akae na kusikiliza. Akiambiwa mkutano haujaitwa mwaka mzima, hiyo ndiyo hoja yake ya kwanza, na barua ya kumwandikia mkurugenzi wa halmashauri aiandike kwa Kiswahili.