Simu Si Ng'ombe

Katika bweni letu hapa Kampala kuna swali ambalo kila mwanafunzi mwenye simu ya bei nafuu ameshaulizwa: "Hiyo utamuuzia nani?" Mimi nimeulizwa mara nyingi, kwa sababu simu yangu ni Tecno na siifichi. Wenzangu wenye iPhone na Samsung za bei kubwa husema kwamba wao hawakutumia pesa bali waliweka akiba. Siku wakibanwa watauza simu, pesa itarudi. Mimi, wanasema, nimetupa yangu. Kisha humaliza kwa methali: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Leo nataka kuwajibu, maana hoja hiyo inawaumiza watu wasio na pesa.

Nianze kwa kukubali lililo kweli. Simu za bei nafuu hushuka bei haraka zinapouzwa tena. Tecno, Infinix na itel, ambazo zote ni za kampuni moja ya China iitwayo Transsion, hutoa matoleo mapya mara kwa mara, na toleo jipya likifika dukani lile la zamani huonekana kuukuu. Tena mpya yenyewe ni rahisi, kwa hiyo mnunuzi haoni sababu ya kulipa pesa nyingi kwa iliyotumika. Kwa upande mwingine, Samsung ilipotoa Galaxy S24 mwaka 2024 iliahidi kuipatia masasisho ya programu kwa miaka 7. Simu ambayo bado inasasishwa lazima iwe na wanunuzi. Hayo siyabishi.

Ninachobisha ni hesabu. Wenzangu huhesabu kwa asilimia, lakini karo hailipwi kwa asilimia. Tuchukue mfano. Mimi nanunua simu ya shilingi 400,000 za Uganda, na baada ya miaka miwili naiuza kwa 100,000. Nimepoteza robo tatu ya bei, nachekwa. Mwenzangu ananunua ya 3,000,000 na kuiuza kwa 1,500,000. Amebaki na nusu, anajisifu. Lakini mimi nimepoteza 300,000, yeye amepoteza 1,500,000. Kwa hasara yake peke yake ningenunua simu mpya kama yangu mara tatu na chenji ikabaki. Hata ningeitupa yangu jalalani, hasara yangu isingefika theluthi ya hasara yake.

Tena hiyo nusu anayoitegemea ina masharti. Kioo kisipasuke, betri isichoke, risiti isipotee, simu isiibwe. Anayepanda taksi jioni katikati ya Kampala, amebanwa kila upande, anajua sharti la mwisho lina uzito gani. Ng'ombe wa akiba hulala zizini na huzaa. Simu hulala mfukoni, kila siku inachakaa, na haijawahi kuzaa.

Wajanja watasema: usinunue mpya, nunua ya jina kubwa iliyokwisha kutumika, kwa kuwa mwenyewe wa kwanza ameshaibeba hasara. Hii ni hoja nzuri kuliko ile ya kwanza, nami niliifuata. Mwaka wangu wa kwanza chuoni nilinunua simu ya aina hiyo kwa 650,000, bila risiti. Ilikuwa pesa ya mama, anayeuza ndizi sokoni kwetu Masaka. Wiki tatu baadaye nilifuta kila kitu ili simu ianze upya. Ikajifunga, ikataka nenosiri la mtu nisiyemjua. Fundi aliipindua mkononi akasema labda iuzwe kama spea, kwa 80,000. Muuzaji alidai hanikumbuki. Mama hakunigombeza. Aliniuliza tu simu ile ilikuwa mikungu mingapi, nami nikashindwa kumjibu, ingawa hesabu naijua.

Sisemi kila simu iliyotumika ni ya wizi. Nasema kwamba jina kubwa ndilo linalomvutia mwizi na tapeli, na kwamba mwenye pesa kidogo ndiye asiyeweza kukosea mara mbili.

Kuna jambo jingine ambalo wenzangu hawalioni. Hasara ya muuzaji ni faida ya mnunuzi. Mdogo wangu wa kike alinunua Tecno iliyotumika kwa 90,000 kutoka kwa rafiki niliyemjua, na risiti yake. Kwa simu hiyo anasoma masomo yake na mama anapokea pesa kutoka kwa wateja. Kama simu za bei nafuu zingeshikilia bei kama wenzangu wanavyotaka, nyumba yetu ingebaki bila simu hiyo. Darasani tumefundishwa kwamba bei na thamani ni maneno mawili. Nendeni Masaka muone tofauti yake.

Lakini sitawasifu watengenezaji bure. Kama simu nafuu hufa mapema kwa kukosa masasisho na spea, hilo ni kosa lao wala si la mnunuzi. Kanuni za Umoja wa Ulaya zilizoanza kutumika Juni 2025 zinawataka watengenezaji wawe na spea muhimu za simu kwa miaka 7 baada ya toleo kuacha kuuzwa. Sisi wa Afrika Mashariki tunanunua simu hizi kwa mamilioni, na tuna Jumuiya yetu yenye bunge lake kule Arusha. Kwa nini tusidai vivyo hivyo? Badala ya kuchekana bwenini, tungeuliza swali hilo kwa sauti moja.

Mpaka hapo, ndugu mwanafunzi, ukitaka kununua simu, jiulize ni pesa ngapi zikipotea bado utalipa karo. Ukishapata jibu, nunua chini yake. Na ukiulizwa utamuuzia nani, jibu kwamba hukuinunua ili uiuze.