Mwindaji wa Wimbi Refu

Asubuhi ya tarehe 24 Desemba, jamaa nyingi za Ulaya zikiwa katika maandalizi ya Krismasi, hapa na pale yuko baba asiyeonekana jikoni wala sebuleni. Amechukua waya mrefu, betri na redio yake, naye amekwenda porini penye baridi kali. Mkewe hakufurahi, wala si ajabu.

Anachokifuata ni sauti ya mtambo wa Grimeton, nchini Uswidi, uliofunguliwa na Mfalme Gustaf V mwaka 1925 ili kupeleka simu za maandishi Marekani. Mtambo huo, uliobuniwa na mhandisi Ernst Alexanderson, hautumii valvu kuzaa mawimbi. Ndani yake mna gurudumu la chuma lenye mianya 488, lizungukalo mara zipatazo 2,115 kwa dakika, na mzunguko huo ndio uzaao umeme wa kilohezi 17.2. Urefu wa wimbi lake wapita kilomita 17! Waya zake zimebebwa na minara sita, kila mmoja mita 127. Mawimbi ya namna hii hupenya maji ya bahari kwa mita kadhaa, na kwa hiyo baada ya Vita Kuu ya Pili mtambo uliwahi kuzipelekea nyambizi habari.

Siku hizi huwashwa mara chache tu kwa mwaka, tena kwa muda mfupi. Aikosaye sauti ya Krismasi aweza kungoja hadi Julai.

Nyumbani haisikiki. Taa, televisheni na chaja za simu hunguruma masafani humo, na nani atakubali kuzima jokofu siku ya karamu? Hata porini hakuna kimya kamili. Radi zipigazo mbali sana, zikiwamo za misitu ya Kongo, hutuma mawimbi yasafiriyo kati ya ardhi na anga ya juu, yakasikika Ulaya kama kuni zipasukazo motoni.

Katikati ya mpasuko huo huja alama za Morse: S, A, Q, jina la mtambo. Msikilizaji huandika daftarini saa, mahali, urefu wa waya na kila herufi aliyoipata. Asiyoisikia huiachia nafasi tupu, hata akiijua. Askari wa mawasiliano waielewa desturi hiyo.

Arudipo nyumbani, chai imekwisha kupoa.