Kamera Haifungishi Ndoa

"Harusi bila video, nani atajua kama mlioana?" Kauli hii hutupwa kwenye vikao vya kamati kama utani, lakini ukifungua bajeti unakuta video imekaa juu ya kwaya na juu ya maua ya altare. Hapa Tanga imeshakuwa imani kamili: kisichorekodiwa hakikufanyika. Na mpiga video amepewa ukuhani wake. Anakatiza mbele ya altare anavyotaka, anapanda ngazi, kamera inakaribia kumgusa paroko sikio.

Imani hiyo ni potofu. Ushahidi wa ndoa ulikuwapo kabla ya kamera na unaendelea kuwapo bila kamera. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka taarifa ya siku 21 kabla, mashahidi wasiopungua 2 siku yenyewe, na hati iliyosainiwa. Kanisa Katoliki, kwa kanuni ya 1108, nalo linataka mhudumu mwenye mamlaka na mashahidi 2. Kisha ndoa inaandikwa kwenye daftari la parokia ilikofungwa, na taarifa inapelekwa mlikobatizwa ikaandikwe kwenye kitabu cha ubatizo, hata kama ni Kigoma. Tena kifungu cha 160 cha sheria hiyohiyo kinasema waliokaa pamoja miaka 2 au zaidi na kujulikana na watu kuwa mke na mume huchukuliwa kuwa wameoana, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Yaani hata midomo ya majirani wa Mikanjuni ina uzito mbele ya hakimu. Waislamu wa Ngamiani wanalijua hili siku nyingi: nikaha inapita msikitini kwa walii, mashahidi na mahari, bibi harusi mara nyingi yuko nyumbani na wanawake wenzake, na ndoa imefungwa. (Siku hizi na huko kamera zimeanza kujazana, lakini hayo wayaseme wenyewe.)

Basi watetezi wa video wanahamia kwenye hoja ya kumbukumbu. Haya, waulizeni waliooana miaka ya 1990 kanda zao ziko wapi. Joto na unyevu wa pwani yetu huotesha ukungu kwenye utepe wa VHS, na hata kanda iliyopona haina pa kuchezea: Funai ya Japani, kampuni ya mwisho kutengeneza deki, iliacha mwaka 2016. Waliofuata wana sidii zilizokwaruzika. Wa leo wana fleshi ambayo mtoto ameshaijaza katuni.

Tuseme imedumu. Ifungue, usikilize. Droni inazunguka mnara wa kanisa, viatu vya bibi harusi vimepangwa dirishani, shela inainuliwa polepole. Zamu ya kiapo inafika, midomo inatembea, na juu yake umewekwa wimbo wa mapenzi. Sauti za maharusi hazimo. Kamera ilinasa feni na vigelegele, mhariri akaona bora afunike. Kwa hiyo yale maneno machache yaliyoifanya siku ile iwe ya ndoa badala ya pati ndiyo yaliyokosekana kwenye kitu mlicholipia kiwe kumbukumbu.

Na ili kupata hicho, tazama tunachokiharibu. Jumamosi ambayo jozi tatu nne zinafunga ndoa pamoja, kila jozi ina mpiga picha wake, mpiga video wake na kijana wa kushika taa. Mbele panajaa. Wazazi waliokaa benchi la kwanza, wenye kitenge kipya cha sare, wanaona migongo. Pete inaingia kidoleni, mtu wa kamera hakuipata vizuri, ananong'ona: "Rudieni." Na wanarudia! Kwa mafundisho ya Kanisa la Kilatini, wahudumu wa sakramenti hii ni hao wawili wenyewe. Padri anaipokea ridhaa yao kwa niaba ya Kanisa. Kuwaambia warudie ni sawa na kumwambia padri ainue tena kikombe kwa sababu mwanga haukutosha.

Roma iliyaona haya mapema. Waraka wa Eucharisticum Mysterium wa Mei 25, 1967, enzi za kamera za filamu, ulitaka ibada zisivurugwe na upigaji picha, na penye sababu ya kupiga ufanyike kwa staha kubwa, kwa utaratibu wa askofu wa mahali. Mwaka 2017 Papa Francis aliwaambia waamini kwamba padri anawaalika kuinua mioyo, hawaaliki kuinua simu.

Simlaumu sana mpiga video. Yuko kazini, na anajua akiikosa shoti ya pete hamaliziwi hela yake. Aliyemtuma ni kamati, na kamati ni sisi.

Najua jibu litakalokuja: shangazi yuko Muscat, kaka yuko Uingereza, bibi hawezi tena kupanda gari. Ni kweli, na kwa ajili yao sisemi kamera zitolewe kanisani. Lakini shangazi wa Muscat anataka nini kama si kuwaona na kuwasikia mkiapa? Kamera moja kwenye stendi, pembeni, yenye lenzi ya kuvuta, isiyohama tangu maandamano ya kuingia mpaka kusaini, na maiki ndogo iliyobanwa kwenye kola ya bwana harusi: hapo atapata ibada nzima. Na benchi la kwanza nalo litaona.

Mbwembwe zina mahali pake, napo ni Raskazone. Njia tunaijua wote: magari yenye utepe yanapita Bombo na kuteremka ufukweni, Kisiwa cha Toten kinaonekana ng'ambo, upepo unaipeperusha shela. Huko rudieni mpaka jua lizame. Mbebe mkeo, ruka, rusha droni kama una kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Bahari haina liturujia.

Wewe unayejiandaa kulipa oda ya video, mchukue mpiga video wako mwende kwa paroko kabla ya siku yenyewe, awaonyeshe mahali pa kusimama. Na kabla hamjapatana bei, mwulize sauti ya kiapo ataipataje. Akianza kukusimulia habari za droni, tafuta mwingine.